Kasia na Kafi: Wanamaji wa Nyanza ya Kusini na Michezo ya Mataifa

Katika historia ya ushiriki wa Tanzania katika michezo ya mataifa liko jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili. Nchi hii ina sehemu ya Ziwa Victoria iliyo kubwa kuliko ya Kenya na ya Uganda, ina sehemu za Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na ina pwani ndefu ya Bahari ya Hindi. Maelfu ya watu wake hujipatia riziki juu ya maji kwa nguvu za mikono. Hata hivyo, tangu Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, ambako Tanganyika iliingia kwa mara ya kwanza, hadi ile ya Paris ya mwaka 2024, hakuna Mtanzania hata mmoja aliyeshindana katika kupiga makasia.

Sababu zinazotolewa aghalabu ni mbili: ukosefu wa fedha na ukosefu wa vifaa. Zote mbili ni za kweli, wala hakuna haja ya kuzibishia. Lakini nchi zilizo maskini kuliko Tanzania zimepeleka wapiga makasia. Mwaka 2012, jijini London, Niger, ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa, iliwakilishwa na Hamadou Djibo Issaka, mtu aliyejifunza mchezo huo kwa miezi michache tu kabla ya mashindano. Alifika mwisho wa mstari nyuma sana ya wenzake, na watazamaji wakamshangilia kuliko washindi. Basi fedha peke yake haitoshi kulieleza jambo hili. Maelezo mengine yapo katika historia ya ziwa lenyewe, na sehemu yake moja imo ndani ya lugha ya Kiswahili.

Eneo linalochunguzwa hapa ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Huenda uchaguzi huo ukawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa Shinyanga inajulikana kwa ng'ombe, pamba, almasi ya Mwadui na ukame, na maji ya ziwa yaliufikia mji huo kwa bomba katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Lakini mipaka ya mikoa isitupotoshe. Mkoa wa Geita ulioundwa mwaka 2012 ulikusanya wilaya kutoka mikoa mitatu: Geita kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera, na Bukombe kutoka Shinyanga. Kwa hiyo katika mkoa huo mmoja wamo watu wa mwaloni Nkome na Nungwe, na wamo wengine ambao babu zao hawakupata kulitia jembe karibu na ziwa. Wazinza, Wasumbwa, Wasukuma na Walongo wamechanganyika humo kwa muda mrefu, na kinachowaunganisha sokoni, machimboni na majini ni Kiswahili.

Mashua iliyopita nchi kavu

Uhusiano wa Shinyanga na historia ya makasia ni wa zamani kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mwanzoni mwa mwaka 1875 msafara wa Henry Morton Stanley, ulioondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, ulipita Usiha, nchi ambayo leo imo katika mkoa wa Shinyanga, ukielekea kaskazini. Juu ya mabega ya wapagazi ilikuwako mashua. Iliitwa Lady Alice, urefu wake ulikuwa futi 40, nayo iliundwa kwa vipande vilivyoweza kufunguliwa, kuchukuliwa na kuunganishwa tena. Chombo cha majini kilivuka mbuga za Shinyanga kwa miguu ya binadamu.

Aliyeiunda mashua hiyo alikuwa James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Mtu huyo hakuwa fundi tu. Katika miaka ya 1850 alikuwa bingwa wa Uingereza wa kupiga makasia ya mtu mmoja, katika zama ambazo mbio hizo zilikuwa mchezo wa kulipwa, wenye dau na kamari, na uliopendwa sana na watu wa mjini. Ni kutokana na mbio hizo za Thames, pamoja na zile za vyuo vya Oxford na Cambridge zilizoanza mwaka 1829, kwamba mchezo wa kupiga makasia ulipata sura yake ya kisasa, ukapata shirikisho lake la kimataifa mwaka 1892, na ukaingia katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900. Kwa maneno mengine, mkono ule ule uliokuwa sehemu ya kuzaliwa kwa mchezo huo huko Ulaya ndio ulioichonga mashua iliyoelea Nyanza miaka 25 kabla mchezo wenyewe haujawa wa Olimpiki. Historia haina deni la kutupa sadfa kama hizi, lakini ikizitoa yafaa zipokewe.

Tarehe 8 Machi 1875 Lady Alice iliondoka Kagehyi, kwenye Ghuba ya Speke upande wa mashariki wa Mwanza, kwenda kulizunguka ziwa. Stanley alikuwa Mzungu pekee chomboni. Wavuta makasia walikuwa watu wa msafara wake waliotoka Unguja na mrima, na nahodha wao aliitwa Safeni. Safari ilichukua siku 57. Habari zake zimeandikwa na Stanley mwenyewe, ambaye alikuwa hodari wa kujitetea, na kwa hiyo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Lakini kuhusu vyombo na namna ya kuviendesha hakuwa na sababu kubwa ya kudanganya.

Tukio linalohusika zaidi hapa lilitokea kisiwani Bumbire, upande wa magharibi wa ziwa, tarehe 28 Aprili. Wanamaji walikuwa na njaa, wakaenda kutafuta chakula. Watu wa kisiwa waliivuta mashua hadi nchi kavu, na baada ya mabishano marefu, ambamo Safeni alitumwa kusema nao, wakayachukua makasia. Walielewa vizuri walichokuwa wakikifanya: mashua bila makasia ni gogo. Stanley akawaamuru watu wake waisukume mashua majini kwa pamoja, kisha akafyatua bunduki na kuua. Chombo kilipofika kwenye kina, wanamaji waling'oa mbao za sakafuni mwake, wakazishika mikononi, wakageukia mbele, wakachota maji. Mwezi Agosti mwaka huo huo Stanley alirudi Bumbire na kundi kubwa la mitumbwi na bunduki, akawaua watu wengi waliokuwa pwani ya kisiwa chao. Kitendo hicho kilimletea lawama hata kwao Uingereza, na kilistahili lawama hizo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kuna jambo dogo ndani ya tukio hilo kubwa la damu. Wanamaji wa Safeni waliingia Bumbire wakiwa wavuta makasia, wakatoka wakiwa wapiga makafi. Chombo kilikuwa kile kile na watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuyashika maji, na Kiswahili kina maneno mawili tofauti kwa namna hizo mbili.

Vyombo, vifaa na maneno

Kasia ni mti mrefu wenye ubapa mwishoni ambao hauelei mkononi tu, bali huegemezwa kwenye ukingo wa chombo. Zamani uliegemezwa kwa kishwara, yaani kitanzi cha kamba ambacho kasia hupitishwa ndani yake, au kwa kileti cha mti au chuma. Kwa kuwa lina mahali pa kuegemea, kasia hufanya kazi kama wenzo: mpigaji huketi akiupa mgongo upande aendako, huvuta mpini kuelekea kifuani, na chombo hukimbilia mahali asipopaona. Ndiyo maana Waswahili husema kupiga makasia, na pia husema kuvuta makasia, na usemi huu wa pili ndio sahihi zaidi kwa fundi. Kasia huvutwa.

Kafi ni kitu kingine. Ni fupi, halina kishwara wala kileti, na hushikwa kwa mikono yote miwili, mmoja juu ya mpini na mwingine karibu na ubapa. Mpiga kafi hutazama aendako. Neno lenyewe ni la Kibantu cha kale, nalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Waganda huita kifaa hicho enkasi. Ubao wa tatu katika ukoo huu ni upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo kwenye maji machache, ambao watu wa mikoko na wa matete wanaujua vizuri kuliko watu wa kina kirefu.

Inapendeza kuona jinsi msamiati wa majini wa Kiswahili ulivyogawanyika. Mtumbwi, tanga na kafi ni maneno ya Kibantu. Nahodha na serahangi yamepokewa kutoka Kiajemi kupitia biashara ya bahari, na baharia kutoka Kiarabu. Yaani mwili wa chombo kidogo na kazi ya mikono vimebaki na majina ya wenyeji. Uongozi wa chombo kikubwa umekuja na majina ya wageni. Methali isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama ilizaliwa katika chombo kikubwa. Katika mtumbwi wa watu wanane wa Nyanza hakuna nahodha wa kuketi bila kazi; anayeshika nyuma na kuongoza naye ana kafi mkononi.

Sasa, katika ziwa lote, mitumbwi ya wenyeji iliendeshwa kwa makafi. Mitumbwi mikubwa ya Buganda, iliyoundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi na kupambwa mbele kwa pembe, ilikuwa ya makafi. Mitumbwi ambayo Lukonge, mtawala wa Ukerewe, alimpa Stanley mwaka 1875 ili kuvusha msafara wake kutoka Kagehyi ilikuwa ya makafi. Wavuvi wa Uzinza na visiwa vya Kome walikuwa watu wa makafi. Kasia lilifika pamoja na mashua na majahazi ya wafanyabiashara wa pwani, kisha na mashua za wamisionari na wakoloni, nalo halikupata nafasi ya kukaa kwa muda mrefu kabla ya mvuke, na baadaye injini ya kufunga nyuma, kuliondoa. Hapo ndipo unapopatikana mzizi wa tatizo. Mchezo ambao ulimwengu umeuita kupiga makasia ulijengwa juu ya kifaa ambacho Nyanza haikukichagua.

Ziko pia mbio za makafi katika Olimpiki. Mchezo huo uliingizwa rasmi mjini Berlin mwaka 1936, ukiwa na vyombo vya namna mbili: kayaki, ambayo hupigwa kwa kafi la ncha mbili, na mtumbwi, ambamo mshindani hupiga goti moja na kutumia kafi la ncha moja upande mmoja tu. Kijana wa Nkome akiuona mtumbwi huo kwenye televisheni atashangaa wembamba wake, lakini kafi atalitambua mara moja. Watangazaji na magazeti ya Kiswahili, hata hivyo, wamezoea kuviita vyote makasia. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji huelezwa habari za mchezo mmoja mgeni, wakati kwa kweli ni michezo miwili, na mmoja kati ya hiyo ni jirani yake wa karibu. Neno kafi limo katika kamusi na limo midomoni mwa wavuvi. Halimo katika lugha ya michezo, na kukosekana kwake si jambo dogo, kwa sababu chama cha michezo huundwa kwa jina kabla hakijaundwa kwa vyombo.

Mwalo na duara

Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000 kwa Mgodi wa Dhahabu wa Geita, na mwaka uliofuata kwa Bulyanhulu katika wilaya ya Kahama. Kati ya kufungwa kule na kurudi huku walikuwako wachimbaji wadogo, nao hawajaondoka: Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu ni majina yanayojulikana kwa kila kijana wa eneo hili.

Wachimbaji hao wana lugha yao, na ndani yake limo neno linalostahili kusimamiwa kidogo. Shimo la kuchimbia huitwa duara. Mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu huitwa mwalo, na mtu anayemiliki mahali hapo huhesabiwa pamoja na wenye leseni na wenye maduara katika mgawanyo wa mali. Lakini mwalo, kwa watu wa ziwa, ni mahali mitumbwi inapotia nanga, samaki wanapoteremshwa, na biashara inapofanyika. Mwaloni Kirumba, Mwanza, ni soko kubwa la dagaa na sangara linalojulikana hadi nje ya nchi. Neno moja linatumika ufukweni na machimboni, na katika matumizi yote mawili lina maji, lina mali inayotengwa na takataka, na lina wanunuzi wanaosubiri pembeni. Ni vigumu kuamini kwamba matumizi hayo mawili hayajuani, hasa ukizingatia kwamba watu ni wale wale. Samaki wakiadimika, au ziwa likifungwa kwa muda ili samaki wazaliane, vijana huenda machimboni. Duara likikauka hurudi majini. Mgongo uliojengwa kwa kafi hunyanyua viroba vya mawe, na mgongo uliojengwa kwa sururu huvuta nyavu.

Mwendo huo wa watu ndio uliowafanya Wasukuma wa bara, waliokuwa wakulima na wafugaji, wawe sehemu ya watu wa ziwa. Nao waliingia na utamaduni wao wa kushindana. Katika Usukuma wote ngoma huchezwa kwa makundi mawili makuu, Bagika na Bagalu, yaliyopewa majina ya waganga wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha. Makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja, katika viwanja viwili vinavyotazamana, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi upande wake. Hakuna saa wala mizani. Umati wenyewe ndio mwamuzi, na dawa ya ushindi hutajwa bila haya. Kwa mtu aliyekulia katika mashindano ya namna hiyo, kutazama mbio ambazo mshindi wake huamuliwa na sehemu ya mia ya sekunde ni kujifunza lugha nyingine kabisa.

Mbio za mitumbwi za ziwa hili zilisimama kati ya dunia hizo mbili. Zile zilizojulikana kuliko zote katika miaka ya 2000 na 2010 ziliitwa mashindano ya mitumbwi ya Balimi, kwa jina la bia iliyozidhamini. Zilifanyika kwa mikoa, zikizihusisha Mwanza, Kagera, Mara na Kigoma, kisha fainali ikafanyika Mwanza, na washindani walikuwa wanaume na wanawake, kila upande kwa mbio zake. Wakerewe na watu wa visiwa vingine walikuja na sifa zao, na watu wa nchi kavu walikuja kuangalia. Jina lenyewe lina kichekesho ambacho mwanaisimu hawezi kukipita kimya: balimi kwa Kisukuma ni wakulima. Mbio za wavuvi zikaitwa kwa jina la wakulima, zikapigwa na watu ambao wengi wao walikuwa wote wawili.

Ushiriki wa wanawake katika mbio hizo una maana ya pekee. Katika Olimpiki wanawake waliruhusiwa kupiga makasia mwaka 1976, mjini Montreal, michezo ambayo Tanzania iliisusia. Lakini mtumbwi wa kafi la ncha moja ulibaki kuwa wa wanaume peke yao hadi Michezo ya Tokyo, iliyoahirishwa kutoka mwaka 2020 hadi 2021. Wanawake wa Nyanza walikuwa wakishindana hadharani kwa kafi la ncha moja kabla ya Olimpiki kumkubalia mwanamke yeyote kufanya hivyo. Jambo hilo halikuandikwa popote kama rekodi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuliandika kama mchezo. Liliandikwa kama burudani na kama tangazo la biashara.

Mlango uliofunguka mara mbili

Upande wa diplomasia, Jumuiya ya Madola ndiyo iliyokuwa njia ya asili kwa nchi kama Tanzania kuingia katika mchezo huu. Katika michezo yake ya kwanza, mwaka 1930 huko Hamilton, Canada, kupiga makasia kulikuwamo. Kulikuwamo tena mwaka 1938, 1950, 1954, 1958 na 1962. Baada ya hapo kuliondolewa, kukarudi mara moja tu, mwaka 1986, na tangu hapo hakujarudishwa.

Tarehe hizo mbili za mwisho zinasomeka kwa namna ya pekee ukiwa Dar es Salaam. Mwaka 1962, mjini Perth, ndipo Tanganyika huru iliposhiriki kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nchi ya mwaka mmoja, na timu yake ilikuwa ndogo. Mashua za mbio hazikuwa miongoni mwa mambo ambayo serikali changa ingeweza kuyafikiria, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeilaumu. Mwaka 1986, mjini Edinburgh, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 32 zilizosusia michezo hiyo kwa sababu serikali ya Uingereza ilikataa kuiwekea Afrika Kusini ya kibaguzi vikwazo vya maana. Mlango ulifunguka mara ya kwanza wakati nchi ilikuwa haijui kama upo, ukafunguka mara ya pili wakati nchi ilikuwa imesimama nje kwa hiari yake, kwa sababu iliyo kubwa kuliko mchezo wowote.

Yafaa isisitizwe kwamba kususia huko hakukuwa hasara ya bahati mbaya. Tanzania iliyokuwa makao ya wapigania uhuru isingeweza kwenda Edinburgh na kubaki na heshima yake. Filbert Bayi alikuwa amelipa gharama kama hiyo mwaka 1976, miaka miwili baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch. Yeye na Suleiman Nyambui walipata medali zao za fedha Moscow mwaka 1980, na hizo ndizo medali pekee ambazo Tanzania imezipata katika Olimpiki hadi ile ya Paris. Riadha ilikuwa na mizizi ya kutosha kuvumilia kususia mara moja. Mchezo usio na mzizi hauvumilii.

Afrika yenyewe ilichelewa. Kupiga makasia kuliingia katika Michezo ya Afrika mwaka 2007, mjini Algiers, na kumeshindaniwa pia katika michezo iliyofanyika Morocco mwaka 2019. Nafasi za Afrika katika Olimpiki za karibuni zimegombaniwa Tunis. Majirani wamezitumia. Kenya ilikuwa na Matthew Lidaywa Mwange katika mashua ya mtu mmoja mjini Beijing mwaka 2008. Uganda iliwakilishwa na Kathleen Noble huko Tokyo na tena Paris mwaka 2024; yeye alikulia Uganda, lakini kasia alilishika kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani. Hapo tena linaonekana jambo lile lile. Katika nchi ambayo kabaka wake hutazama mbio za mitumbwi za koo za Buganda, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha katika kupiga makasia hakutokea kwenye mitumbwi hiyo.

Wala isidhaniwe kwamba mpiga kafi hodari anaweza kuwekwa katika mashua ya mbio na kushinda. Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa mita zipatazo nane na uzito usiopungua kilo 14. Mtoto wa shule anaweza kuibeba kichwani. Upana wake haufiki upana wa kiuno cha mtu mnene. Kiti chake huteleza juu ya reli, na nguvu kubwa hutoka miguuni, si mikononi. Mwendo ni mita 2,000 katika maji yaliyotulia, kwa mistari sita iliyonyooka. Mtumbwi wa kuvulia una uzito wa mamia ya kilo, husimama imara katika mawimbi, na nguvu yake hutoka kiunoni na mabegani. Ziwa Victoria halitulii. Upepo wa mchana huligeuza kuwa bahari, na watu wake wanajua bei ya kulidharau: MV Bukoba mwaka 1996 ilichukua roho zaidi ya 800, na MV Nyerere mwaka 2018, hatua chache kutoka gati la Ukara, zaidi ya 220. Katika eneo lenye makaburi hayo, koti la kuokolea maisha ndicho kifaa cha kwanza cha mchezo wowote wa majini, kabla ya kasia na kabla ya kafi. Klabu ambayo ingemfundisha kila mwanachama wake kuogelea ingekuwa na faida hata kama isingemtoa bingwa.

Ufukweni

Mabadiliko ya karibuni yameleta hali mpya. Kwa Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, mbio za mashua za washindani wenye uzito mwepesi zimeondolewa, na mahali pake pamewekwa mbio za makasia za ufukweni. Mchezo huo umewekwa pia katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupangwa kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Mbio hizi zina sura ambayo mtu wa Nkome au Chato hahitaji kuelezwa mara mbili. Mshindani huanza mchangani, kwa miguu. Hukimbia hadi kwenye maji, ambako wenzake wameishika mashua isichukuliwe na mawimbi, huruka ndani, hukamata makasia na kuondoka. Huenda mita 250 akipita kati ya maboya, huzunguka boya la mwisho, hurudi moja kwa moja pwani, huruka nje, na hukimbia tena hadi penye alama ya mwisho. Mashua yake ni pana na nzito kuliko ile ya mito ya Ulaya, kwa kuwa imeundwa kwa ajili ya mawimbi. Umati husimama mchangani na kuona mwanzo na mwisho mahali pamoja, kama mwaloni.

Kifaa bado ni kasia. Mshindani bado huenda akiwa ameupa mgongo upande aendako, na huyaona maboya kwa kugeuza shingo. Kwa hiyo mtu wa makafi atakuwa na jambo moja la kujifunza upya, nalo ni la mwili zaidi kuliko la akili: kuvuta badala ya kuchota, na kuiamini njia asiyoiona. Safeni na wenzake walijifunza kinyume chake katika muda wa dakika chache, siku ile walipong'oa mbao za sakafu ya mashua iliyopita Shinyanga mabegani mwa watu.